Mpima Ardhi Apotea Unguja

Majirani zetu wa Westlands, Nairobi, walikuwa wakienda Dubai. Wakirudi, watoto wao walishuka kwenye teksi na viatu vinavyowaka taa kisiginoni, sisi tumening'inia langoni tukiwakodolea macho. Baba hakutikisika. Alisema Dubai imejengwa juzi, yeye mwenyewe akiwa na ndevu tayari, na haoni sababu ya mtu mzima kulipa nauli akaonyeshwe mji anaouzidi umri. Mji wa kutembelewa, kwa maoni yake, sharti uwe umeshazika masultani kadhaa. Basi wenzetu wakapanda ndege, sisi tukapanda basi la kwenda Unguja.

Baba alikuwa mpima ardhi. Kazi hiyo ilimpa mgongo mbovu, pamoja na imani kwamba yeye si mtu wa kupotea. Alijua kaskazini iko wapi hata akiwa ndani ya lifti ya Sarit Centre, na alikuwa tayari kukuonyesha kwa kidole, uwe umeuliza au hukuuliza. Mama alikuwa ameishi na kidole hicho miaka mingi. Alikisogeza tu kando apite na mifuko yake ya sokoni.

Safari hizo zilikuwa kadhaa, lakini iliyotuharibia jina mahali pengi kwa mkupuo mmoja ni ya Agosti 2010. Shule zilikuwa zimefungwa. Kenya ilikuwa imetoka kupiga kura ya maoni tarehe 4 mwezi huo, katiba mpya imepita, na Baba alikuwa amejaa uzalendo hadi akakubali kulipia nauli ya Shangazi. Jirani yetu wa ghorofa ya pili, Mwislamu mpole asiyependa kuingilia mambo ya watu, alitukuta tukipakia mizigo. Alipouliza tunakwenda wapi akaambiwa Unguja, akafungua mdomo, akafikiri, akaufunga. Mama alidhani ni wivu.

Shangazi alikuwa amekuja kulala kwetu kutoka Kangemi ili asichelewe. Alikuja na begi moja la nguo na kiroba cha nduma zilizochemshwa. Baba alimwambia Unguja kuna chakula. Shangazi akasema huwezi kujua watu wa baharini wanakula nini, akakifunga kiroba chake kwa kamba ya katani na kukiweka mlangoni, mahali ambapo kila aliyeamka usiku alijikwaa.

Hadi Namanga tulikuwa bado watu wenye heshima. Pale mpakani ikahitajika kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Siku hizi kadi hiyo ni ya maisha, tangu Shirika la Afya Duniani lilipobadilisha kanuni mwaka 2016, lakini zamani ilikuwa ya miaka kumi tu, na ya Shangazi ilikuwa imekufa kitambo. Alijitetea kwa hoja ambayo mpaka leo sijaona kosa lake: kama chanjo imekwisha nguvu na yeye hajaugua, basi hiyo homa yenyewe imemwogopa. Hoja haikufua dafu. Akachomwa sindano palepale. Kuanzia Namanga hadi Dar es Salaam, kila basi liliporuka shimo, Shangazi aliushika mkono wake na kumtazama Baba kisogoni.

Baba hakuona, alikuwa akihesabu hela. Shilingi yetu moja ilibadilishwa kwa kama 18 za Tanzania, na alipopiga hesabu akakuta amebakiza kidogo tu awe na milioni. Akamrudia mwenye kubadilisha pesa na kuongeza noti alizokuwa amewekewa na Mama za dharura. Akapanda basi akiwa milionea. Alikaa wima tofauti. Tulipofika Korogwe kununua machungwa dirishani, aliagiza pakti mbili bila kuuliza bei, jambo ambalo sijapata kuliona tena.

Tulilala Dar, na asubuhi tukapanda meli. Agosti ni majira ya kusi, na kusi haibembelezi mtu. Bandari ilipoachwa nyuma tu, Baba akasimama katikati ya viti na kutuambia tutazame upeo wa macho, kwa sababu upeo ndio kitu pekee baharini kisichotikisika. Mama alitii. Upeo ukapanda juu ya dirisha, ukashuka chini ya dirisha, ukapanda tena, na Mama akaomba mfuko. Kifungua mimba wetu akaomba mfuko. Baba mwenyewe akakatisha somo katikati ya neno na kwenda kutazama upeo akiwa peke yake, nje, kwenye reli.

Shangazi ndiye pekee aliyekuwa mzima, na mtu mzima mwenye kiroba cha nduma haachi kukaribisha wenzake. Alimpa mama aliyekaa kushoto. Akaambiwa, "Ahsante, dada'ngu, nimefunga." Akampa kijana wa mbele. Naye amefunga. Akamgeukia mzee wa kanzu aliyekuwa ng'ambo ya kijia, na mzee akaweka mkono kifuani na kutikisa kichwa kwa upole. Shangazi akaniinamia sikioni. "Hii meli yote ina vidonda vya tumbo?"

"Mwezi mtukufu huu, mama," alisema yule mzee, ambaye masikio yake hayakuwa na kasoro.

Ramadhani ilikuwa imeandama siku chache kabla hatujaondoka nyumbani. Baba alipanga safari kwa kutazama kalenda ya ukutani ya duka la simenti, na kalenda ya simenti haijui mambo ya mwezi. Ndiyo maana jirani alifungua mdomo akaufunga. Baadaye alimwambia Mama kwamba alidhani tumeamua kusilimu, na hakutaka kutuvunja moyo.

Unguja na bara ni jamhuri moja tangu tarehe 26 Aprili 1964, lakini tuliposhuka bandarini tulijaza fomu upya na pasipoti ikagongwa tena. Shangazi aliuliza kama tulikuwa tumetoka Tanzania bila yeye kuambiwa. Kwa Baba swali hilo lilikuwa zawadi. Akaanza palepale kwenye foleni: uhuru wa Unguja Desemba 1963, mapinduzi Januari 1964, Muungano Aprili. Alipofika kwenye Muungano afisa alikuwa ameshamkunjulia mkono. "Mzee wangu, hayo mimi nimezaliwa nayo. Lete pasipoti."

Nyumba ya wageni ilikuwa ndani kabisa ya Mji Mkongwe, ghorofa tatu za mawe ya matumbawe na ngazi zilizosimama wima kuliko ukuta. Mwenyeji alitupokea kwa kuwasha na kuzima taa kila chumba, akionyesha. Tulishangaa, mpaka akatueleza kwamba kisiwa kilikuwa kimekaa gizani miezi mitatu, Desemba hadi Machi, umeme wa kutoka bara ulipokatika. Taa ilikuwa bado kitu cha kumwonyesha mgeni.

Asubuhi Baba alitupanga mstari mbele ya Beit al-Ajaib. Wakati huo jumba lilikuwa zima na lilikuwa makumbusho. Sultan Barghash alilijenga mwaka 1883, wakati mahali pa Nairobi ni majani na kinamasi cha Wamasai kunywesha ng'ombe. Ndani ulisimama mtepe, lile jahazi la kale lililoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Shangazi, aliyekuwa ametoka baharini jana yake, aliuzunguka wote, akavuta uzi mmoja kidogo, akasema yeye chombo cha kushonwa hapandi.

Nje ndipo Baba alipoanza hadithi yake kuu. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultan Hamad alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila kuwauliza Waingereza. Waingereza wakampa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zao zikaanza kupiga mizinga, na kabla ya dakika 45 kwisha vita vilikuwa vimekwisha, vifupi kuliko vyote katika historia. Hapo Baba alishusha sauti, kwa sababu ndani ya muda huo upande wa Khalid ulipoteza watu wapatao mia tano, waliouawa na waliojeruhiwa. Sisi tulikuwa wadogo na tuliyapokea kivingine. Familia yetu haijawahi kutoka nyumbani kwa dakika 45. Foleni ya bafu peke yake huchukua muda wa vita viwili.

"Na Khalid?" aliuliza Mama.

"Khalid," alisema Baba, akajiweka sawa, "Khalid alitoroka kwa mlango wa nyuma, akakimbilia kwa balozi wa Wajerumani, na kutoka pale..."

Kutoka pale kitinda mimba akadondosha kandambili baharini. Hadithi ikakatika, tukakimbia ukingoni, kiatu kikaelea kuelekea bara, na wavulana watatu wa Kiunguja wakajitupa kutoka kwenye ukuta wa Forodhani wakigombea nani akirudishe. Walirudi nacho. Walirudi pia na chupa mbili na fimbo, wakataka kulipwa kwa vyote.

Saa sita njaa ikaingia. Mikahawa michache ilikuwa imefunguliwa kwa watalii, nyuma ya mapazia, lakini Baba alikataa. Alisema mgeni hali mbele ya mwenyeji aliyefunga, na kwamba tutafunga nao kwa heshima. Ninaamini heshima ilikuwepo. Ninaamini pia kwamba bei ya nyuma ya pazia ilikuwa imemfikia. Mama na Shangazi hawakubishana naye. Walisema wanakwenda kupumzika, na baada ya dakika kumi kitinda mimba na mimi tukaitwa "tuje tusaidie kukunja nguo".

Chumba kilikuwa na kitanda kikubwa cha samadari chenye chandarua. Ndani ya chandarua kile alikaa Shangazi na kiroba mapajani, akimenya nduma kwa wembe wake wa kucha na kutugawia kama mhazini, na maganda akiyafunga kwenye gazeti alilonunua Dar. Kifungua mimba alisimama mlangoni akikohoa kila aliposikia nyayo. Nduma ya siku kadhaa ni ngumu na inakwama kooni, na hatukuwa na maji, kwa kuwa kwenda kuomba maji kungetufichua. Sijala chakula kitamu zaidi.

Baba alifunga kweli. Kufikia saa kumi alikuwa ameacha kueleza mambo. Alipita mbele ya mlango uliochongwa karne nzima iliyopita, misumari ya shaba mikubwa kama ngumi, na hakusema neno. Mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba angelijua hilo mapema tungekuwa tunakuja Ramadhani kila mwaka.

Halafu tukapotea. Sijui nilieleze vipi hili kwa heshima anayostahili mzazi. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilijengwa vyembamba ili kivuli kisikauke, na jua la kumwelekeza mtu halifiki chini. Baba alitoa dira mfukoni. Dira ilionyesha kaskazini, tukaenda kaskazini, kichochoro kikapinda magharibi, kikagawanyika, kikatupeleka kwenye ukuta. Tulirudi. Tukatokea kwenye baraza ya mzee mmoja mwenye kofia ya vito na redio ndogo, tukamsalimu, akatukaribisha. Tukashika njia nyingine kwa uhakika mkubwa. Tukapita duka la vitenge, tukapita paka, tukapita msikiti, tukatokea kwa yule mzee. "Karibuni tena," alisema.

Mara ya tatu hakusema kitu. Alivuta tu bakora yake na redio akaziweka mapajani, nafasi ikapatikana, na Mama akaketi bila kuomba ruhusa ya mtu. Baba alibaki amesimama, dira mkononi, akimweleza mzee kwamba kaskazini ni kule na nyumba yetu ya wageni iko kaskazini.

"Kaskazini ipo, shekhe," alisema mzee. "Ila njia haiendi huko."

Akamwita mjukuu wake, msichana wa miaka saba hivi. Alitupa shikamoo mmoja mmoja, na sisi watoto wa Westlands tukatazamana tusijue la kujibu wala kama tulipaswa kuwa tumeshamwamkia babu yake. Kisha akashika njia. Alituongoza hatua kama ishirini na kutuonyesha mlango. Tulikuwa tumeuzunguka alasiri nzima.

Adhana ya magharibi ilitukuta tumeshajipanga Forodhani. Bustani ile ilikuwa imefunguliwa upya mwaka uliotangulia, na meza za vyakula zilikuwa zimetandazwa chini ya taa za karabai: mishkaki, pweza, ngisi, kachori, urojo, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Mwongozaji mmoja alikuwa ametuambia tuanze kwa tende, taratibu. Baba alianza kwa tende. Kisha sikuweza kufuatilia. Mama alikaa kwenye benchi la muuza chai na kusema kwa sauti ile ile anayoitumia Westlands kila siku, "Leta chai tano, na uharakishe." Kijana alisimama kidogo. Alileta chai, akaipanga vizuri, kisha akamwinamia Baba na kumwuliza kwa upole kama wamegombana njiani, maana shemeji anaonekana ana jambo.

Kesho yake tulikwenda kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Kule chini, kwenye vyumba vya mawe ambamo mtu mzima hawezi kusimama wima, na nje kwenye lile shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, hakuna aliyemkatiza Baba, na yeye hakuwa na mengi ya kusema. Tulirudi kuwa sisi wenyewe tulipoingia kanisani. Waongozaji husimulia kwamba Askofu Edward Steere alipokuwa safarini, mafundi walisimamisha nguzo kadhaa za karibu na mlango juu chini, naye aliporudi akaziacha. Baba hakuweza kuziacha. Alipiga magoti, akafumba jicho moja, akapima kwa kidole gumba, na mtalii mmoja wa Kitaliano akapiga magoti kando yake akidhani ndiyo desturi ya mahali.

Usiku, baada ya futari, Baba alikaa Jaws Corner na wanaume wa pale kwenye kahawa chungu. Huko alipata watu wa saizi yake. Wazanzibari nao walikuwa wamepiga kura ya maoni yao tarehe 31 Julai, siku nne kabla ya yetu, kuamua kama wataka serikali ya umoja wa kitaifa, na kote kuwili karibu theluthi mbili walisema ndiyo. Walimuuliza habari za serikali ya nusu mkate ya Nairobi: nani kashika kisu, nani kashika mkate. Baba akaeleza hadi vikombe vikapoa. Alirudi usiku wa manane akinukia kahawa, amependwa, na amekubali kununua kasha kwa shemeji ya mmoja wao.

Kasha la Kizanzibari, kwa asiyelijua, ni sanduku la mbao nzito lililopigwa misumari na mabamba ya shaba, lenye droo chini na droo nyingine ya siri ambayo haifunguki mpaka ujue pa kubonyeza. Mwenye duka alitaja bei. Baba alicheka kile kicheko cha soko la Gikomba, akageuka na kuondoka bila kuangalia nyuma, akingoja kuitwa. Hakuitwa. Alikata kona kwa maringo, akakata nyingine, akaenda mbele kwa uhakika wa mpima ardhi, akakata ya mwisho, akatokea mbele ya duka lilelile. "Karibu tena, mzee," alisema mwenye duka. Baba alilipa bei yote. Umilionea uliishia hapo.

Mama aliuliza mara moja tu kwamba likifika Westlands litapita mlango gani. Hakujibiwa.

Hamali wawili walilibeba hadi melini, na Baba akaona kwamba kitu chenye kitasa imara namna hiyo ndicho mahali pa kuhifadhi pasipoti, hasa kwa kuwa kituo cha mabasi cha Ubungo kilisifika kwa vidole vyepesi. Akazitia zote ndani na kufunga. Melini akaketi juu yake, akaanza tena kuhusu Khalid, na alipofika kwa balozi wa Wajerumani kusi ikakumbuka kwamba tunarudi. Ufunguo, ili usipotee, aliuweka Dar ndani ya kikombe cha mswaki. Kikombe cha mswaki kilikuwa cha nyumba ya wageni.

Haya tuliyajua Namanga.

Basi lilisimama, abiria wote wakashuka, wakagongewa, wakarudi. Sisi tulikuwa tumelizunguka kasha kwenye vumbi, limeteremshwa kutoka kwenye buti, Baba akipapasa mifuko aliyokwisha kuipapasa. Utingo alipiga honi kwa heshima, kisha bila heshima. Mtu mmoja akashauri shoka. Mama aliposikia shoka akasema "shoka" pia, akimtazama Baba. Ndipo akaja mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akiuza shanga kwenye madirisha ya mabasi. Aliweka bidhaa zake begani kwa Shangazi kana kwamba ni msumari wa ukutani, akatoa waya wa kutungia na koleo ndogo, akachuchumaa. Alipinda ncha ya waya kwa meno. Akaingiza, akasikiliza, akatoa, akapinda tena kidogo, akaingiza. Kitasa kikalia. Akataja bei yake, na Baba, aliyekuwa amewacheka wafanyabiashara wa nchi mbili, akalipa bila pumzi.

Ndani mlikuwa na pasipoti zote isipokuwa ya Mama. Ya Mama, kwa mapenzi, Baba alikuwa ameitia kwenye droo ya siri, na siri alikuwa ameisahau. Alibonyeza shaba zote. Honi ililia. Hatimaye kitinda mimba akapenya katikati ya miguu yetu, akasukuma ubavu mmoja kwa goti na kuvuta ubao kwa kucha, na droo ikatoka yenyewe. Alijua kwa sababu tangu Unguja ndimo alimoficha halua yake. Halua ya Unguja ni nzito, ina samli na iliki, na joto la buti ya basi kutoka Dar lilikuwa limeilegeza. Pasipoti ya Mama ilitoka ikivuta nyuzi.

Afisa aliifungua kwa ncha za vidole. Aligonga muhuri, na muhuri ukabaki. Aliuvuta, ukurasa ukaja nao. Alimtazama Mama, akanusa kidole chake, akauliza, "Hii ni ya Unguja au ya Mombasa?" Mama akasema ya Unguja. Akasema ya Unguja ndiyo yenyewe, akatufungulia njia.

Kasha halikupita mlangoni. Lilikaa kwenye ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu hadi fundi alipokuja kung'oa fremu, na jirani yetu Mwislamu akawa akiliwekea maziwa yake asubuhi.

Safari ya Desemba 2022 ilikuwa ya ndege, na wajukuu. Beit al-Ajaib tulilikuta limezungushiwa uzio. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na wafanyakazi wawili wakafa. Baba alilitazama muda mrefu, mikono nyuma, akapima kitu kwa kidole gumba na kukirudisha mfukoni. Safari hii kifungua mimba ndiye aliyeongoza, simu mkononi, na sauti ya mwanamke ikimwambia apinde kulia. Alipinda kulia. Tuliingia wote, wajukuu kwa wakwe, kwenye ua wa watu, mbele ya akina mama waliokuwa wakimenya viazi. Walitukaribisha, wakatuongezea mkeka. Sijawahi kumwona Baba akiwa na furaha namna ile. Alikaa chini, akakubali kisu, akamenya viazi viwili huku akirudia, "Hata setilaiti. Hata setilaiti!"

Na pale uani, wajukuu wakiwa wamenyamazishwa na askrimu, hatimaye akaimaliza hadithi. Khalid alikaa kwa balozi wa Wajerumani hadi Oktoba, bahari ilipojaa akapakiwa mashuani moja kwa moja asikanyage ardhi ambayo Waingereza wangemkamatia, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza wakamkamata mwaka 1916, wakamhamishia visiwa vya mbali, Saint Helena na Seychelles, halafu wakamruhusu kurudi pwani.

"Pwani gani?" aliuliza Shangazi.

"Mombasa. Alifia huko mwaka 1927."

Shangazi aliweka kiazi chini. "Mombasa hii ya treni ya shilingi elfu moja?" alisema, na akaanza kukunja mkono wa gauni ili amwonyeshe Baba palipoingia sindano ya Namanga.